Rubani Aliyeliomba Radhi Boya

Darasa zima lilimwita Bi Samahani, na yeye, akiwa mtu wa haki, hakuona pa kukatia rufaa. Urubani wa meli alikuwa amejifunza kwa njia pekee aliyoijua, yaani kwa kusoma. Kina cha maji cha kila kona ya njia ya kuingilia bandarini alikuwa nacho kichwani, na maboya yote kumi na manne angeweza kuyataja usingizini. Kilichomshinda ni kufungua mdomo akiwa macho.

Rubani hashiki usukani. Husimama akatoa amri, upande na nyuzi, mshika usukani akairudia kwa sauti, neno kwa neno, ndipo auzungushe. Bi Samahani aliamrisha kama mtu anayeazima chumvi meza ya jirani. Kwenye chumba cha mazoezi, penye usukani wa bandia na bahari ya skrini, alisema, "Samahani kaka, kama hutajali, naomba kushoto kumi." Kabla hajafika kwenye kumi, boya namba tisa lilikuwa chini ya meli. Naye, darasa likisikia, akaliambia boya, "Jamani, samahani."

"Binti yangu," alisema mkufunzi, rubani mstaafu mwenye kifua kama pipa, "meli haina breki. Ukimaliza adabu zako, sisi tumeshazama."

Bi Samahani alikuwa ameshafeli mara mbili. Mtihani wa tatu ulikuwa kwenye meli ya kweli. Akifeli, anarudi stoo ya ramani alikotoka, kukunja karatasi mpaka astaafu. Stoo ile ilikuwa kimya, tena ina feni nzuri. Alichokiogopa ni kwamba angeipenda.

Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni, akiamrisha sufuria.

"Kulia ishirini!"

"Nani huko?" mama yake aliuliza kutoka sebuleni.

"Ni mimi, mama."

"Aa. Nilidhani panya."

Siku ikafika. Meli ilikuwa ya kubeba saruji, ndefu kama mtaa. Alipanda ngazi ya kamba, mkufunzi nyuma yake. Nahodha akampa kikombe cha kahawa, naye, asiyekunywa kahawa, akakipokea, maana kukataa nako kunataka sauti.

Boya namba tisa likajitokeza mbele.

"Kushoto kumi," alisema. Hakutia samahani hata moja.

"Kushoto kumi!" mshika usukani alirudia vizuri kabisa, kisha akazungusha kulia.

Bi Samahani aliuona mshale wa usukani juu ya dirisha ukilala upande usio wake. Akangoja mtu mzima aseme kitu. Ndipo akakumbuka kwamba mtu mzima aliyepewa kazi hiyo ni yeye.

"Kushoto, wewe! Kushoto ishirini! Huo ni mkono gani?"

Kahawa iliruka ikatua kwenye kiatu cha nahodha. Meli ikajivuta, ikafikiri kwanza, pua ikarudi taratibu. Boya likapita ubavuni, karibu kiasi kwamba aliiona kutu yake, na safari hii hawakusemezana.

Walipofunga kamba gatini, mkufunzi alimwonyesha karatasi. *Amefaulu. Sauti anayo, alikuwa kaificha.*

Moja kwa moja Bi Samahani akaenda kwa mshika usukani, aliyekuwa bado amekodoa macho mbele. "Samahani sana kaka, nimekufokea."

Yule bwana, kwa mazoea ya miaka ishirini, akajibu kwa sauti ya juu:

"Samahani sana kaka, nimekufokea!"