Pistoni Iliyoliwa Kilole

Jumatatu, tarehe 10 Machi 1975. Joto tangu asubuhi. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima ya Usambara, lakini huku chini Korogwe halikudondoka hata tone, na masika yalikuwa yamekwisha kuchelewa.

Siku hiyo Mdoe Sadala aliingia Korogwe akiwa juu ya lori la magunia, ameshikilia usukani wa pikipiki iliyokufa. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya kijiji cha ujamaa cha Kwemsua, upande wa Mkata, na karibu kijiji kizima kiliamini kwamba Mdoe ameiuza pistoni yake na kutia mbovu. Mwenyekiti alikuwa amemwambia waziwazi: airudishe inatembea kabla ya mkutano wa Ijumaa, la sivyo jina lake litapelekwa Handeni wilayani kama mhujumu wa mali ya kijiji. Mwaka ule hilo halikuwa neno la kuchezea.

Ajabu ni kwamba ukitaka mtu mwenye kushuku, Kwemsua nzima wangekuelekeza kwa Mdoe. Akinunua mafuta ya taa alichovya kidole akanusa. Akiletewa kuku wa zawadi alimpapasa kifua na kumtazama macho kwanza, ndipo akashukuru. Mkewe, Zuena, alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao Mdoe alimfunua uso mara mbili. "Ya kwanza aone kama ni mimi," alisema, "ya pili aone kama bado ni mimi."

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya wampe pikipiki. Ujanani alikuwa akimpelekea barua meneja wa shamba moja la mkonge, na huko ndiko alikojifunza kuendesha. Watu walipohamishwa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika na kukusanywa Kwemsua, walipata zahanati, na zahanati ikapata pikipiki ya kuletea dawa kutoka Korogwe na kuwafikishia wagonjwa barabara kuu. Mkutano uliuliza nani aishike. Mtu mmoja akasema apewe Mdoe, maana hawezi kumwazima hata mama yake. Watu wakacheka, wakanyoosha mikono. Tangu hapo aliifuta kila jioni kwa kipande cha kanga kuukuu, na alipokwenda kulala aliilaza ndani, kichwani pa kitanda.

Mwezi uliotangulia ilianza kutoa moshi wa buluu na kupanda vilima kwa shida. Mdoe akaomba ruhusa, akaipeleka Korogwe, kwenye gereji moja ya mtaa wa Kilole. Lilikuwa banda la mabati lisilo na kuta, na ubavuni mwake mwanamke aitwaye Amne aliuza chai na maandazi. Fundi aliitwa Matayo. Alipofika yeye mwenyewe kazini siku ile, alikuja na pikipiki ya aina moja na ile ya kijiji, inakohoa na kufuka hata Amne akayafunika maandazi kwa upande wa kanga yake.

"Mtu wa wapi wewe?" Matayo aliuliza.

"Handeni. Mkata."

"Mzigua?"

"Mzigua."

Matayo aliweka spana chini, akajifuta mikono taratibu kama mtu anayesogea mezani. "Basi leo nimepata nyama. Mimi Mnyamwezi."

Baba yake Matayo alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, akafia kambini. Matayo mwenyewe alizaliwa Korogwe na Unyamwezi hakuwahi kuiona, lakini utani hauulizi nauli. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya zamani. Mtani akikutukana, humjibu kwa hasira bali kwa tusi zuri zaidi. Akichukua kitu chako, unacheka. Nawe ukichukua chake, acheke.

"Babu yako alijiuza kwa kapu la mahindi wakati wa njaa," Matayo alianza.

"Na wako ndiye aliyelibeba hilo kapu mpaka pwani," Mdoe akajibu, "asiambulie punje."

Amne alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

Injini ilifunguliwa. Mdoe alisogeza kigoda karibu, akatazama kila skrubu inakowekwa. Matayo akamwonyesha: pistoni nzima, bado inang'aa, kilichochoka ni ringi zinazoizunguka tu, na ringi anazo. Mdoe akaipokea pistoni, akaigeuza mwangani, akairudisha. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri.

"Kasali, mtani," Matayo alisema. "Ukikosa sala utasema Mnyamwezi amekuzuia."

Mdoe alitazama injini, akatazama upande wa msikiti. Akaenda. Alirukuu na kusujudu, lakini masikio yake yalibaki gerejini. Aliporudi, injini ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Umebadilisha nini?"

"Ringi. Na pistoni yako nimeila."

"Umeila?"

"Nilikuwa na njaa, na ilikuwa nzuri mno kwa Mzigua. Nimekutilia niliyoitoa kwenye pikipiki yangu. Itakufikisha Mkata. Ikishindwa utaisukuma, nyie si ni watu wa kutembea?"

Amne alicheka. Wanywa chai walicheka. Mdoe naye akacheka, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa. Ila njiani kurudi alisimama mara kadhaa, akauweka mkono juu ya silinda kama mama anayempima mtoto homa.

Pikipiki haikumaliza wiki mbili. Ilikufa njiani ikiwa na kreti la dawa mgongoni. Fundi mmoja wa Mkata akaifungua mbele ya wajumbe wa kijiji, akatoa pistoni yenye mikwaruzo ya miaka mingi.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti, Mzee Mhina, alikuwa mtu wa maneno machache, na alimwuliza kwa upole uliomtia Mdoe baridi.

"Pistoni ya kijiji iko wapi, ndugu Mdoe?"

"Fundi wa Korogwe ameichukua, mzee. Mwenyewe alisema."

"Alisemaje?"

"Alisema ameila."

"Nawe ukafanyaje?"

Mdoe aliinamisha kichwa. "Nilicheka."

Wajumbe walitazamana. Mwatumu, jirani yake Mdoe, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akasema, "Wewe, Mdoe? Wewe uliyemshika mwanangu ukamnusa mdomo ujue kama ndizi aliyokula ni ya mgomba wako? Ndiwe wa kuibiwa huku unacheka?"

"Alikuwa mtani," Mdoe alisema.

"Angesema mtu mwingine kwamba ameibiwa," Mzee Mhina akasema, "ningemwamini hapo hapo. Wewe siwezi. Wewe hawakuibii mpaka umekubali."

Hapo Mdoe alitambua kwamba kushuku kwake kote, kwa miaka yote, kulikuwa kumegeuka ushahidi dhidi yake.

Basi ndiyo hiyo Jumatatu. Aliishusha pikipiki kwenye lori, akaisukuma mpaka Kilole, shati limemgandia mgongoni. Matayo alimwona akiwa mbali.

"Mzigua, nilikuambia utaisukuma."

"Pistoni yangu, Matayo."

"Habari yake nilikwisha kukupa."

"Nipe tena. Bila mzaha."

Matayo aligeukia upande wa chai. "Amne, siku ile nilimwambia sikumwambia?"

"Ulimwambia," Amne alisema. "Na alicheka, nilimwona."

"Umesikia. Mwizi gani anayejitangaza? Na mtani hashtakiwi. Kawaulize wazee wenu."

Mdoe hakuhitaji kuwauliza. Baba yake alipofariki, Wanyamwezi wa kambi ya mkonge walikuja kumzika. Waliingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Mmoja akavaa viatu vya marehemu, akatembea mbele ya wafiwa akiiga mwendo wake wa kuvuta mguu, hata mama yake Mdoe, machozi yakimtoka, akacheka. Viatu vile hawakuvirudisha na hakuna aliyevidai. Watu waliokufanyia hayo huwapeleki polisi.

Akakaa kwenye benchi la Amne. Akatazama, maana kutazama ndiko alikojua. Kivulini ilisimama pikipiki ya Matayo, imefunikwa gunia kwenye kiti. Mara mteja mmoja akahitaji kuletewa kitu kutoka sokoni. Matayo akaipanda, akapiga kiki, akaenda akarudi. Mdoe aliona maandazi ya Amne yamekaa wazi kwenye sinia.

Hakumwuliza fundi. Alimwuliza Amne.

"Siku hizi huyafuniki maandazi?"

"Ya nini?" Amne alisema. "Moshi umekwisha."

Aliposikia hivyo, Matayo aliokota spana ambayo hakuwa na kazi nayo.

Mdoe alinyanyuka bila haraka. Alilitoa gunia kwenye kiti cha pikipiki ya fundi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi. Akapanda. Kiki moja tu, injini ikaitika kwa sauti safi aliyoizoea, au aliyodhani ameizoea. Hakuwa na hakika, na hata hakuihitaji.

"Mtani," alisema, "na mimi nina njaa. Hii nimeila."

Wanywa chai walipasuka kwa kicheko. Amne alirudi kwenye nguzo yake. Cheko la Matayo lilichelewa kufika, na lilipofika lilikuwa la meno matupu. Mdoe akaondoka kuelekea nyumbani kwa dada yake, Hamisa, hapo hapo Kilole, akaiingiza pikipiki chumbani na kufunga mlango. Hamisa alilalamika kwamba ugali wake utanuka petroli.

Kabla ya magharibi Matayo akabisha hodi. Alikaribishwa mkeka, akakaa nusu.

"Mtani, mzaha umetosha. Ile ndiyo inayonilisha."

"Na yangu ndiyo inayoniweka kijijini. Nimekwisha kuitwa mhujumu."

"Nani kakuita?"

"Wote."

Matayo alikuna kidevu. "Sikujua limefika huko. Vipuri havipatikani, Mdoe. Tangu mwaka jana naahidiwa Tanga, Tanga hakuna. Yangu ilikuwa inakufa. Ningekuwekea nyingine nikipata."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani, niliposhindwa kusikia."

"Utani una mpaka," Matayo alisema.

"Una. Nionyeshe nilipouvuka mimi, nami nikuonyeshe ulipouvuka wewe."

Hamisa, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, akasema bila kuinua uso, "Fundi, kunywa maji uende. Asubuhi atakuletea. Huyu akishika kitu hata ndotoni hakiachii, mimi nimelala naye mkeka mmoja utotoni."

Mdoe akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi, akatikisa mlango wa chumba aone kama umefungwa.

Asubuhi iliyofuata alisali alfajiri, akaisukuma pikipiki ya fundi mpaka gerejini bila kuiwasha. Akaweka kigoda chake katikati ya zile pikipiki mbili, goti moja likigusa hii na jingine likigusa ile. Matayo alifungua yake kwanza, akaitoa pistoni. Iling'aa kuliko pikipiki ilikotoka. Mdoe aliipokea, akaigeuza mwangani kama mara ya kwanza, akachukua msumari akaikwaruza alama ndogo kwa ndani, ndipo akairudisha. Aliifuata kwa macho ikitembea kutoka mkono hadi silinda ya pikipiki ya kijiji. Amne alimletea chai; aliinusa, akainywa bila kutazama kikombe.

Injini ilifungwa. Ikapigwa kiki, ikaitika, na moshi haukuonekana. Mdoe alivaa koti lake, akalifunga kreti tupu nyuma ya kiti, akapanda. Wanywa chai walikuwa wamekwisha kujaa, na Matayo, aliyekuwa sasa na pikipiki ya kufuka moshi na watu wa kuishuhudia, alitaka walau neno la mwisho liwe lake.

"Nenda salama, Mzigua," alisema. "Nimekurudishia ile ile mbovu."

Watu walicheka. Mdoe aliwangoja wamalize. Kisha akazima injini, akashuka, akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa banda, na kukivuta kigoda chake mahali kilipokuwa.

"Fungua," alisema.

"Mtani, umeiona kwa macho yako."

"Nimeiona. Fungua."

Matayo alimtazama Amne. Amne alikuwa anayafunika maandazi.

"Si umesema mwenyewe," Amne alisema.

Matayo akainama, akaitafuta spana.