Mwanambuzi Ajaribu Mfarishi wa Abdikafi

Kumekucha Garissa, matope bado yameshika njia ya sokoni, na Shamso Gelle amepiga magoti mbele ya kibanda chake akimfunika mwanambuzi.

Anavuta pembe hii, anakunja ile, kama mama anayelaza kifungua mimba. Mpita njia anasimama, anaangalia weee, kisha anauliza kwa adabu kama mbuzi ni mgonjwa.

"Ni mteja," anasema Shamso. "Wewe endelea na safari yako."

Shamso ni mjane anayeshona mifarishi, yale matandiko ya vitambaa viwili yenye kijazo katikati. Mji huu wa joto haukuwahi kuwa na haja kubwa naye. Alishona mito na magodoro, na akipata shilingi mia mbili kwa siku alishukuru. Kisha, mwishoni mwa mwaka jana wa 1997, zikaja mvua za Elnino. Mto Tana ukaingia majumbani bila hodi, na watu waliozoea kulala uani wakaanza kutafuta cha kujifunika.

Kazi iliyo mkononi asubuhi hiyo ni ya jirani yake Deeqa, aliyejifungua kabla miezi haijatimia. Mtoto wake, Abdikafi, ni mdogo hata bibi yake humwita Kidole. Mama na mwana wamo ndani mpaka arobaini itimie, kama ilivyo desturi, na usiku ukiingia kichanga hupoa.

"Eddo, nikimwekea blanketi la watu wazima anahema," Deeqa alimwambia Shamso, akimwita shangazi kwa heshima. "Nikilitoa, miguu inakuwa baridi kama ya kuku aliyenyeshewa. Silali. Mkono wangu uko kifuani kwake hadi asubuhi."

Mfarishi mwepesi, basi. Lakini utiwe nini ndani?

Saynab, mama mkwe wa Deeqa, alikuwa ameshaamua. Alifika kibandani na furushi la pamba ya naironi, ile nyeupe ya kujazia mito ya makochi, aliyoletewa kutoka Eastleigh kabla barabara haijakatika.

"Tia hii, walaal, ndugu yangu. Imevimba kama wingu, na ikilowa inakauka upesi. Hiyo pamba yako ya mashamba ya Bura inakunywa maji kama ngamia."

Shamso hakubisha, kwa sababu maneno yalikuwa na ukweli. Akashona vipande vitatu vidogo: cha naironi, cha sufi ya Pwani, na cha pamba ya shambani. Kisha akaazima mwanambuzi aliyezaliwa juzi.

"Mtu atakudanganya akufurahishe," anasema, macho yakicheka. "Mbuzi hana adabu hiyo."

Chini ya sufi mwanambuzi alipata joto zuri, mpaka mamaye alipokuja akatafuna kona. Nyuzi zikapeperuka, muuza chai wa jirani akapiga chafya hadi akamwaga birika. Kwa mapafu ya kichanga, sufi ikaondolewa. Chini ya naironi alihema, akapiga teke, akatoka. Chini ya pamba alilala fofofo. Kisha akakojoa, na pamba ikabaki mbichi hadi alasiri.

"Si nilikuambia?" alisema Saynab, akitabasamu kama aliyeshinda kesi ya shamba.

Kilibaki chetezo. Nguo za mtoto hapa hufukizwa uunsi kila jioni, na Saynab ni bingwa wa ubani huo. Hufukiza shuka, hufukiza mashungi na, kwa mujibu wa majirani, hata paka akichelewa kukimbia. Shamso akampa vipande viwili vilivyosalia afukize mwenyewe.

Cha pamba kilitoka kinanukia. Cha naironi kilijikunja, kikatoa harufu ya ndala iliyokanyaga kaa la moto.

Saynab alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena. "Nilifikiria maji," alisema. "Nikasahau moshi wangu mwenyewe."

"Haye, usijilaumu," Shamso akamjibu. "Mimi mkojo bado umenishinda."

Ulimshinda mpaka alipokuwa akivua foronya ya mto ili aifue, mkono ukasimama hewani. Akaitandaza pamba ikawa nyembamba, akaishonea ndani ya kitambaa chepesi, mistari ikikaribiana ili isijikusanye. Akafanya matabaka mawili ya namna hiyo, kisha mfuko wa maua wenye upande mmoja wa kufungwa kwa kamba. Tabaka moja likilowa linachomolewa na kuanikwa, la pili linaingia.

Jioni hiyo akaupeleka kwa Deeqa. Alipokwenda kumjulia hali siku iliyofuata, alimkuta amevimba macho.

"Mtoto je?" aliuliza.

"Nimelala, eddo! Wallahi nimelala mpaka maziwa yakalowesha gauni. Nimeamka kwa hofu, nikamshika miguu. Ya moto!"

Arobaini ni Ijumaa hii. Saynab ndiye atakayembeba Kidole kumtoa nje, ndani ya mfarishi uliofukizwa, na ameshawatangazia majirani kwamba pamba ilikuwa shauri lake. Shamso amemwachia.

Barabara ikifunguka, anapanga kuagiza gunia zima la pamba, maana wajawazito wawili wameshamuulizia. Ila huu wa Abdikafi, anasema, ameushona mfupi makusudi.

"Namngoja Deeqa aje hapa mwakani agombane na mimi," anasema, akikata uzi kwa meno. "Aniambie, eddo, umeniibia kitambaa, miguu ya mtoto inatokea nje."