Mwalimu na Mpira wa Gurudumu

Mwalimu wetu wa hisabati huingia darasani na mpira wa ndani wa gurudumu begani, kama mtu aliyepata pancha akaamua kuja na ushahidi. Mkononi ana chungwa. Hulishika juu na chini kwa vidole viwili, akalizungusha na kusonya: "Utosi na kitako havijasogea. Aibu!" Kisha huzungusha ule mpira, sauti ikimpanda: "Hapa hakuna nukta iliyobaki mahali pake! Huu ndio mzunguko huru, wanangu!" Kazi yake yote ni kutafuta, kwa aljebra, umbo lipi linakubali kuzungushwa hivyo na lipi linakataa.

Juzi kamati ya chuo ilikaa ili kulifuta somo lake. Niliwawakilisha wanafunzi, ngumi nimezikunja chini ya meza ya duara. "Lina faida gani?" mkuu wa chuo aliuliza. Mwalimu akatuomba kila mmoja ahamie kiti cha jirani yake wa kulia. Tukahama sote, isipokuwa mkuu. "Kiti changu siachi." Mama mhasibu, aliyepaswa kukikalia, akabaki wima na kikombe chake cha chai.

"Mnaona?" Mwalimu alipiga makofi kwa furaha. "Mmoja tu aking'ang'ania, uhuru wa mzunguko umekwisha!"

"Inuka basi, mzee," alisema mama mhasibu. "Magoti yananiuma."

Mkuu akainuka akinung'unika, akajitupa kwenye kiti cha katibu, akanesanesa. "Kumbe katibu unakalia sponji hili miaka yote?"

"Na somo, mzee?" niliuliza.

Akajibu amefumba macho: "Liendelee. Ila mkizunguka tena, mimi msinihesabu."