Kasiksi yangu ya kwanza, na kikombe cha Papa Mateso

Leo jirani yangu ameangalia pombe yangu kama muntu anayeangalia sumu.

Munisikilize, wapendwa.

Ni kasiksi yangu ya kwanza maishani. Ndizi niliziivisha mu shimo, nikazikamua na majani, nikatia unga wa mutama. Naiweka kwa ajili ya Pasaka.

Jirani huyo, Papa Mateso, akapita. Nikamupa kikombe kwa furaha.

"Anza wewe," akasema.

Kwetu, mwenye pombe njo anaonja kwanza, kuonyesha haina sumu. Lakini mimi, muntu wa misioni, nilimwahidi Mungu: Kwaresima yote, sinywi hata tone.

"Uliahidi lini? Juzi, kisha mbuzi yangu kukula maharagi yako?"

Kweli, siku ile nilimutukana. Na hapa Nyamitaba, neno sumu likishika jina lako, hakuna atakayekula kwako tena.

Basi nikafanya alama ya musalaba, nikanywa.

Naye Papa Mateso akamaliza kikombe, uso umekunjamana.

"Iko mubaya, Papa," nikamwambia. "Lakini haiko sumu."

Akaomba kingine.

Tangu hapo najiuliza: aliogopa kweli, ao alitaka tu kuona muntu wa misioni anaanguka?

Munaonaje? Padiri nitamwambia mwenyewe.