Nilisema siri ya jirani yangu mu filme, bantu banipigia makofi

Admin, ficha jina yangu, lakini miaka usifiche: niko na sabini na moja, na bado ninapitisha uzi mu sindano bila miwani. Mi ni fundi wa nguo, mutu wa Fizi kule Kongo, niko hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, tangu zamani. Suti nyingi munaona zinaingia kanisa siku ya ndoa, ni mkono yangu. Masomo niliacha mwaka wa tatu wa primaire, hii ninaandika na kidole kimoja. Makosa muyapite tu.

Hapa kwetu kulikuya ekipe moja ya kupiga filme ya maisha ya kartie, mutaa wetu: kugombana ku bomba ya maji, kuku kuingia nyumba ya mwingine, mambo ya kila siku. Mukubwa wao ni dada moja wa kamera. Karatasi ya kusoma hakuna. Anakuambia tu: "Muzee, weye ni jirani. Huyu kijana anatukana mama yake mbele yako. Mukanye vile ungemukanya kwako." Nikasema njo kazi yangu hiyo, kwa mudomo hakuna mutu ananishinda hii kambi nzima. Siku ya kwanza nikaongea sana, nikaeleza vile nilikuwa mutu mukubwa kule kwetu. Ekipe ikacheka. Dada akasema, "Muzee, unajisifu tu. Kijana anakushinda." Kunishinda! Mi! Ile maneno iliniuma mpaka asubuhi.

Siku ya pili nikafungua kinywa, kukatoka jambo haikuwa yangu.

Niko na jirani, tumuite Baba Aline. Ukuta wetu ni moja. Wakati wa vita bibi yake alitangulia na batoto, yeye akabakia ili amulete mama yake muzee. Alifika hapa peke yake, miguu wazi, vidonda mpaka katikati ya vidole. Mama Aline, bibi yake, njo alimuosha ile miguu, wiki na wiki. Baba Aline akamuambia: mama alikufa na ugonjwa, tulimuzika vizuri, na viatu vyangu vilienda na mto. Tukakaa matanga, tukalia, ikaisha.

Siku moja ninamupima suti, nikamutania: "We mutu gani, hata ku matanga ya mama yako hukutoa chozi?" Akaniangalia mu kioo, akasema yote. Mama alishindwa kutembea na risasi zilikuwa nyuma yao. Alimuacha kando ya njia akiwa muzima, anaongea. Akavua viatu vyake akamuvalisha, juu miguu ya mama ilikuwa imevimba. Mama akamuambia, "Enda, batoto banakungojea." Kisha kusema hiyo, Baba Aline akachukua mkono yangu akaiweka ku mashini ya kushona, akaniapisha isitoke pale. Nikaapa.

Njo ile nilisema mbele ya kamera. Na nikasema "mimi". Nikasema: "Kijana, unatukana mama? Mi wangu nilimuacha njiani, nikamuvalisha viatu vyangu, nikaenda!" Kijana akalia machozi ya kweli. Dada wa kamera akanishika mikono yote mbili. Nikajiona mufalme.

Filme balionyesha ku sale, ukumbi wa kanisa, madirisha balifunga na mablanketi. Mwanzo ilikuwa kicheko tu. "Ah, angalia nyumba ya Mama Furaha!" "Ile si ni mbuzi yetu, yesu wangu?" Halafu sura yangu ikakuya ku ukuta, kubwa kama mulango. Baba Aline alikuwa mbele yangu, benchi ya pili. Niliona shingo yake inakauka. Akasimama, akatoka. Mama Aline alibakia, hakugeuka hata kidogo. Bantu banapiga makofi, banaita jina yangu, na mi, Mungu anaona, nikasimama nikapunga mkono.

Kisha wiki moja bakatupeleka na ile filme Lilongwe, kule City Centre, kuionyesha mbele ya bageni. Mutu moja akaniletea mikro: "Muzee, ile habari ni ya kweli?" Nikajibu, "Ni ya kweli kabisa, ni mama yangu." Mama yangu mimi alikufa mu kitanda yake, kichwa ku magoti yangu. Nimemutupa njiani na mudomo wangu, sababu ya makofi.

Nilipotoka Lilongwe, Baba Aline alikuwa ananingojea ku mulango.

"Muzee, umeniua."

"Filme ni filme. Jina yako iko wapi mule?"

"Viatu, Muzee! Ulitaja viatu!"

Nikakaa ku mashini, nikaanza kukanyaga kama sisikii. Njo roho yangu ile, ngumu. Akaongea nyuma ya mugongo wangu: "Basi muapie bibi yangu kama ile habari ni ya kwako. Nyumba yangu inakufa." Ni kweli inakufa. Mama Aline anamutilia nsima, ugali wa huku, mezani, anatoka inje, hamusemeshi.

Jana Mama Aline alikuya kwangu, akakaa ku kiti ya baclient.

"Baba, nilimuachia bwana yangu mama mukwe juu nilimuamini. Sitafuti vita. Nataka tu kujua. Kama aliachwa muzima, basi nililia kifo haikuwa yake, na yake hakuna mutu aliyelia. Ile maneno ni ya nani?"

Nikamuambia niko na kazi nyingi.

"Jumapili kisha ibada ninarudia na bwana yangu. Mutanijibu bote wawili, ninawaangalia."

Ndugu zangu bote munaosoma hii, nikimuapia ni ya kwangu, jirani anapata nyumba yake, lakini yule muzee wa njiani ninamuzika na uongo mara ya pili. Nikisema kweli, ninavunja kiapo mara ya pili, na safari hii macho kwa macho. Musinipe pole, sistahili. Munipe jibu tu. Jumapili iko karibu: yule mama nimuambie nini?