Sindano za Bi Salma Zangoja Uamuzi

Waheshimiwa madiwani, nanyi ndugu mnaonisoma, assalaam alaykum. Naandika kuhusu kidole gumba changu.

Bi Salma, mtaalamu wa tiba ya kazi, ile ya kurudisha viungo kwenye shughuli za kila siku, hapa Tottenham, London, hukilegeza kwa sindano kavu, zisizotia dawa.

Leo amekataa.

"Mzee Hamadi, halmashauri haijaamua kama sisi wa fani hii turuhusiwe kuchoma."

Nikauliza: na jirani yako wa hijama, anayewaumika watu migongo kwa vikombe na kuwachanja?

"Yule kibali anacho. Kakitundika ukutani."

Mke wangu, niliyekwenda naye, akadakia: "Basi twende, kaumikwe hicho kidole!"

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Kidole hakikunjiki, na kofia ya harusi ninayomshonea mwanangu imefika nusu.

Waheshimiwa, Bi Salma aruhusiwe au asiruhusiwe? Naomba mwamue.