Mpishi wa Pilau Aliyekula Vibichi

Habari ilinifikia Jumatano asubuhi kwa simu ya jirani yangu wa Kasingirima, mtu ambaye akiwa na jambo zito huwa hasalimii. "Yule mpishi wenu wa Ujiji, yule wa matango, ametutoka," akasema, nami nikabaki nimesimama uani na mswaki mdomoni, sijui niteme au nimeze. Siku iliyotangulia alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya sala ya adhuhuri, kama alivyozoea siku ambazo hakuwa na shughuli ya mtu, na binti yake alipokwenda kumwamsha kwa ajili ya alasiri akamkuta ametulia. Ilikuwa presha, aliyokuwa nayo kwa miaka mingi. Tulimzika siku hiyohiyo ya Jumatano, na kabla hatujatoka makaburini nilishawasikia wanaume wawili wakibishana nyuma yangu, mmoja akisema vile vyakula vibichi ndivyo vilivyommaliza, mwenzake akisema ndivyo vilivyomfikisha umri ule. Wote wawili walikuwa wamekosea, na kwa kuwa kisa hiki nakijua tangu kilipoanzia, niruhusuni nikisimulie. Jina lake silitaji. Aliniambia zamani, "Ukiandika habari zangu wewe, andika pilau. Jina wanalijua wenye harusi."

Wasomaji wa siku zote mnalijua tumbo langu kuliko mnavyoijua sura yangu, maana nimelilalamikia sana katika safu hii. Basi lilikuwa tumbo hilohilo lililonikalisha kwenye benchi la hospitali miaka kadhaa iliyopita, nikisubiri majibu ya kipimo kile cha kumezeshwa mpira. Pembeni yangu akakaa mama mmoja mnene, kanga mbili, mikono imejaa makovu ya moto, na nguo zake zinanukia iliki. Nikamwamkia. "Marahaba, baba," akaitikia, kisha akaniangalia nilivyojikunja. "Na wewe ni tumbo?"

"Tumbo, mama."

"La kuwaka au la kukata?"

"La kuwaka."

"Langu linafanya yote mawili," akasema, kwa sauti ya timu inayoongoza.

Wote wawili tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tukapewa dawa zilezile na maneno yaleyale: maliza dozi, kula kidogo kidogo, kula kwa wakati, acha pilipili, acha kahawa. Mimi nilitoka nikiwaza kahawa. Yeye alitoka amekasirika. "Ati nile kwa wakati! Mimi naamka saa kumi alfajiri kuchambua mchele wa watu mia tatu. Ninapopata kukaa ni saa kumi jioni, na ninachokula ni ukoko wa chini ya sufuria. Huo wakati atanipa yeye?" Kinyozi hajinyoi, nilisema moyoni, na mpishi wa Ujiji naye hajipikii. Alikuwa na wasaidizi watano, wanawake wa makamo waliomfuata kila shughuli, na katika msimu wa harusi waliweza kupika mara tatu kwa juma. Siku nzima walikuwa na chai ya tangawizi, andazi moja, na kijiko cha kuonjea. Tumbo lipi lisingewaka?

Baada ya muda akakutana na dawa yake, au alichodhani ni dawa. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, inayozunguka kwenye simu za watu, ya mwanamke asiyejulikana anayesema kuwa moto ndio unaoua chakula na kwamba mtu akila vibichi tu kwa siku ishirini na moja tumbo lake litakuwa jipya. Alinisikilizisha sokoni, tumesimama kando ya madumu ya mawese, uso wake unang'aa. Kilichomvuta, nadhani, hakikuwa hata hiyo ahadi ya kupona. "Hakuna kupika, mwanangu!" aliniambia. "Unaosha, unakata, unakula. Hii ni tiba ya mtu asiye na nafasi." Nikamuuliza dawa za hospitali je. Akasema ameziweka kabatini zipumzike.

Alianza Jumatatu. Alikula kabichi mbichi, karoti, bamia, muhogo mbichi, maembe machanga, na kila alfajiri kabla ya kitu chochote akanywa maji ya malimao yaliyokamuliwa. Jumamosi yake alikuwa na harusi kule Bangwe, na mimi nilikuwepo kwa upande wa bwana harusi, nimevaa koti, nimekaa kivulini. Mnamo saa tano akaja mmoja wa wasaidizi wake, akaniambia naitwa jikoni. Nilimkuta mpishi wetu amekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono tumboni, jasho linamtiririka, na sufuria tano zinafuka moshi mbele yake.

"Mwenzangu wa benchi," akasema kwa shida, "nipeleke hospitali. Ila kwanza onja lile sufuria kubwa. Mimi ulimi wangu leo hauonji kitu."

Nikaonja. Nikatafakari kama mtu mzima. Nikasema chumvi haijatosha.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

Wakaongeza. Hakuna aliyenieleza kuwa nimechota wali wa juu, ambako supu yenye chumvi ilikuwa haijapanda, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza. Nilimpakia mama kwenye bajaji nikaondoka naye, hivyo sikuyaona yaliyofuata, ila niliyasikia kwa wiki mbili. Wageni wa Bangwe walimaliza soda zote, wakamaliza maji ya chupa, na inasemekana shangazi wa bibi harusi aliomba hata barafu lililopozea soda. Ilikuwa ndiyo pilau pekee iliyoharibika katika maisha yake yote ya kazi, na niliiharibu mimi.

Hospitali tulipokelewa na muuguzi wa lishe, dada mwembamba asiye na haraka. Akachukua kalamu, akauliza mama amekula nini tangu Jumatatu. Mama akataja vyote, mpaka malimao.

"Na dawa tulizokupa?"

"Nimeziweka."

"Haya. Na hiyo kabichi, umeiosha kwa maji gani?"

Mama akaniangalia mimi, kana kwamba najua. "Ya ziwani," akasema.

"Ya ziwani wapi?"

"Palepale tunapooshea masufuria. Karibu na mitumbwi."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama," akasema taratibu, "hapo hujala kabichi. Umekula mwalo mzima wa wavuvi, na nyavu zake."

Hata yeye mgonjwa alicheka, kisha akashika tumbo na kuomba asichekeshwe. Alilazwa siku tatu na dripu mkononi, maana sasa alikuwa na magonjwa mawili, kidonda chake cha zamani na maradhi mapya ya maji machafu. Nilipoenda kumtazama nikamwungamia habari ya chumvi. Akafumba macho. "Tumbo linauma," akasema, "lakini jina langu linauma zaidi." Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza analia, na nilitamani afadhali angenitukana.

Yule muuguzi hakumdhihaki, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo. Angeweza kumwambia aachane na upuuzi wake arudi kwenye uji. Badala yake alikaa naye kitandani wakapanga. "Kibichi si kibaya, mama, ila tumbo lenye kidonda huliendei mbio," alimwambia. Dawa kwanza, mpaka ziishe. Papai bivu linafaa, ndizi mbivu inafaa, parachichi linafaa, tango limenywe. Kabichi na muhogo virudi jikoni vikapikwe. Malimao ya alfajiri na maembe machanga asiyaone kabisa. Jioni ale chakula laini cha moto kama watu wengine. Na kila kitakacholiwa bila kupikwa kioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Ikawa hivyo: chakula chake cha asubuhi hakikupikwa, ila maji yake yalipikwa, na alipenda kusema kuwa ndiyo kazi ya mpishi, lazima apike kitu.

Sasa akawa anatembea na bakuli la mfuniko kila shughuli, na kabla ya kazi anakaa mkekani robo saa, anakula. Siku za mwanzo wasaidizi wake walisimama wakimtazama, wanaona haya kukaa. Akaona aibu kula peke yake, akaanza kukata na ya kwao. Baadaye ikawa sheria ya kikosi chake kwamba kuni hazishiki moto kabla watu sita hawajatia kitu tumboni. Sheria hiyo ilikuja kumgharimu. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimempelekea maparachichi ya shamba la shemeji yangu. Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake, kule juu mjini Kigoma, ambako ukisimama barazani unaliona ziwa lote. Mwenye nyumba akatoka saa moja asubuhi, akawakuta wanawake sita wamekaa kwenye mkeka wanakula papai, na masufuria bado baridi.

"Mama, wageni wangu hawajanywa hata chai, ninyi mmeshakaa kula?"

"Karibu papai, baba," akajibu mpishi wetu.

"Sikuja kula papai. Nimewaita mpike."

"Na tutapika. Wageni wako watakula saa saba, na watakula wamekaa. Sisi tukianza sasa hatukai tena mpaka jua lizame."

"Wapishi wote hula baada ya kazi."

"Ndiyo maana wapishi wote tunakutana hospitali."

Alisema bila ukali, huku akiendelea kutafuna tango kwa upole uliomkera yule bwana kuliko tusi. Saa saba kamili sahani zilikuwa mbele ya wageni, na pilau ilisifiwa mpaka na waliokuja kwa ajili ya kukosoa. Lakini yule bwana alikuwa na mabinti wengine wawili, na walipoolewa, mmoja baada ya mwingine, waliitwa wapishi wengine. Nilimuuliza kama jambo lile lilimuuma. "Liliniuma, mwanangu," akasema. "Lakini halikuniuma tumboni."

Nimeishi karibu na ziwa hili miaka yangu yote na nimelishwa na watu wengi wenye njaa. Nawafikiria akina mama wanaoanika dagaa kuanzia alfajiri mchanga ukiwa bado baridi, mama lishe anayekuuzia wali wa saa sita ilhali yeye ana kikombe cha chai tangu asubuhi, hata yule muuguzi wa lishe, ambaye siku ile tulipofika alikuwa, kama alivyokiri mwenyewe, hajala. Sisi waandishi nasi hatuna cha kujisifia. Makala nyingi mlizozisoma hapa ziliandikwa kwa kahawa na kiungulia. Tukiugua tunatafuta njia ya mkato, kidonge cha haraka au sauti ya mtu tusiyemjua kwenye simu. Yeye pia alianza hivyo, sitaki kumpamba. Alivitaka vibichi kwa sababu alidhani havina kazi. Kumbe vinataka kuchaguliwa sokoni, kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa jana, kumenywa, na zaidi ya yote kutafunwa. "Wali unateleza wenyewe," alinilalamikia, "lakini tango halimezeki ukiwa umesimama." Nadhani ile robo saa ya kukaa ilimsaidia kama papai lilivyomsaidia, na dawa zikafanya kazi yake. Hakupona moja kwa moja. Yalikuwepo majuma mabaya, na Ramadhani alifuata ushauri wa daktari wa kutofunga huku ananung'unika kila siku. Watu walipomjia kumuuliza siri ya vibichi, aliwaambia waanzie hospitali, na wengi hawakurudi, maana walikuja kutafuta siri.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa barazani na binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Nilidhani atanieleza habari za pilau, kama wote walivyokuwa wakieleza. Akaniambia jambo jingine. "Utoto wangu wote sikuwahi kumwona mama amekaa anakula. Nilikuwa nadhani wapishi hawali, ndivyo walivyoumbwa. Hii miaka ya mwisho, siku asizokuwa na shughuli, alikuwa ananiita asubuhi, tunakaa wawili, tunakula papai, tunazungumza. Robo saa hivi. Mambo yake mengi ninayoyajua leo niliyajua hapo." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akanyanyuka kwenda kupokea wageni.

Mimi nimebaki na aibu moja. Kwa miaka yote niliyohudhuria harusi za mji huu nimeusifu mchele, nimeisifu nyama, nimesifu harufu iliyonifikia tangu njiani, na sikuwahi hata mara moja kuzunguka nyuma ya nyumba kuuliza wale waliosimama kwenye moshi kama wamekula. Naomba tuanze kuuliza. Tuulize mapema, kuni zikiwa bado hazijawashwa, na tukijibiwa bado, basi tusubiri.